Wakuu, nimejitengenezea njia ya hewa baridi kwenye Subaru, naipimaje kabla ya Jumamosi?

Kipepeo wa Goba
Habari za usiku wanajamvi. Naomba ushauri wa haraka, matusi wekeni pembeni.

Nina Subaru Impreza WRX STI ya 2004 kutoka Japani, turbo, manyuo. Nimeng'oa boksi la filta la kiwandani nikatengeneza njia ya hewa ya kwangu: bomba la PVC la inchi 3, kona mbili, filta ya wazi ya koni nimeishusha nyuma ya bampa upande wa dereva ili ivute hewa ya nje isiyopita kwenye joto la injini. Bomba nimelizungushia lile karatasi la kung'aa la kuzuia joto. Kazi imetulia, hata ukifungua boneti unapenda.

Gari imebadilika. Turbo inaamka mapema, na ukikanyaga unasikia kabisa inavuta pumzi. Nimepima kwa programu ya simu kutoka 0 hadi 100, muda umepungua zaidi ya nusu sekunde. Nimejaribu gia zote tano, zote zinavuta kuliko mwanzo. Ila kuna rafiki yangu anasema ni sauti tu inayonidanganya, na maneno yake yananikosesha usingizi.

Swali langu ni moja: nipimeje nipate namba ya kuaminika kabla ya Jumamosi? Napimia barabara ya Kibada saa sita usiku kukiwa kimya. Mashine ya kupimia nguvu ya gari sina uwezo nayo. Na tafadhali, sitaki ushauri wa kurudisha boksi la zamani.

Mzee wa Foleni
Panda mlima wa Goba ukiwa na mama mkwe na magunia mawili ya mkaa. Ukimaliza bila mama mkwe kulalamika, bomba linafanya kazi.

Mama Pacha Kibada
Mwanangu, mimi naishi hiyo barabara unayosema iko kimya. Saa sita usiku kuna bodaboda hawana taa, kuna wanaotoka zamu, kuna mlevi anayevuka bila kuangalia popote. Gari likipita kwa mwendo huo, madirisha yetu yanatetemeka na watoto wanaamka. Juzijuzi hapa kijana wa watu kagongwa akiwa amebeba mkate. Aliyemgonga naye alikuwa anajaribu gari. Tafuteni kiwanja, ombeni kibali, mfanye michezo yenu huko. Kwenye makazi mwisho ni 50, na mwisho huo haulali usiku.

Spana 14
Kabla hatujafika kwenye kupima, nijibu haya mawili. Sensa ya hewa, ile iliyokuwa kwenye mdomo wa boksi la filta, sasa iko wapi? Na taa ya injini kwenye dashibodi imewahi kuwaka tangu ufunge hilo bomba?

Chuma cha Tabata
Mimi wasiwasi wangu ni maji. Umesema filta iko nyuma ya bampa? Ngoja nikupe kisa. Masika moja nilikuwa na Noah, nikafika Jangwani nikakuta maji yamejaa, mbele yangu Coaster imepita. Nikasema Coaster imepita na mimi napita. Fundi wangu alikuwa ameondoa kile kibomba cha juu cha kuvutia hewa akidai kinabana. Katikati ya maji gari ikafanya "kop!" mara moja, ikanyamaza. Maji hayabanwi kama hewa. Pistoni ikipanda ikakuta maji, kinachopinda ni mkono wake. Walipofungua, mikono miwili ilikuwa imepinda. Nikauza Noah ile kwa bei ya vyuma chakavu na nikarudi kupanda mwendokasi. Hadi leo nikiona wingu upande wa Kisarawe naangalia gari yangu mara mbili.

Kipepeo wa Goba
Asanteni wote. Mama Pacha shikamoo, nimekusikia, nitatafuta kipande kisicho na nyumba. Chuma cha Tabata pole sana. Mimi nimeacha tundu la kutolea maji chini ya filta, na mvua ikinyesha situmii hiyo gari. Bado nasubiri jibu la kupima.

Spana 14
Umewajibu wote, mimi umeniruka. Sensa iko wapi? Taa imewaka au haijawaka?

Nahodha wa Muscat
Salaam kutoka Oman. Huku kiangazi joto linapita 45 kivulini, kwa hiyo mambo ya hewa baridi tunayajua kwa kuungua. Nitakujibu ulichouliza.

Kwanza achana na programu ya simu. GPS ya simu nyingi inasoma mara moja kwa sekunde, sasa nusu sekunde utaiamini vipi? Pili, la zamani ulilipima saa ngapi? Kama boksi la kiwandani ulilipima mchana kwenye nyuzi 33 na bomba lako usiku kwenye 25, hewa ya usiku peke yake ni nzito kwa karibu asilimia 3. Hapo umepima jua na mwezi.

Kipimo cha kweli kinataka gari moja, siku moja, mafuta ya tenki moja, barabara moja, kwenda na kurudi ili mteremko ujifute, gia ya tatu kuanzia mizunguko 2500 hadi 6500. Funga la zamani, pima, funga jipya, pima, kisha rudisha la zamani upime tena. Kama la zamani lenyewe linatoa majibu mawili tofauti, tofauti ya jipya haina maana.

Kuna kipimo kingine cha bei ya soda na ndicho nakipenda zaidi. Chukua mpira mwembamba unaopenyeza mwanga, ukunje kama herufi U, utie maji yenye rangi, ufunge kwenye kibao kiti cha abiria. Ncha moja iache wazi ndani ya gari, nyingine ichomeke kwenye bomba la hewa kabla ya turbo. Ukikanyaga mafuta yote, maji yanapanda upande mmoja. Abiria asome, dereva macho barabarani. Tofauti ya sentimita 10 kati ya pande mbili za maji ni kama asilimia 1 ya kanieneo ya hewa iliyotuzunguka. Nilipima hivyo kwenye Forester yangu boksi likiwa kamili, kisha filta ikiwa imeondolewa kabisa. Tofauti ilikuwa ndogo mno, nikaacha fikra za kubadilisha boksi.

Kipepeo wa Goba
Nahodha ubarikiwe, hii ndiyo niliyokuwa naitafuta. Ni kweli la zamani nililipima mchana.

Spana 14, sikukuruka. Sensa nimeihamishia kwenye bomba la PVC, nimetoboa tundu vizuri kwa msumeno wa duara na nimeziba pembeni kwa silikoni. Taa ya injini iliwaka, ila nikichomoa kichwa cha betri dakika chache inazima na gari inakuwa tamu zaidi. Baada ya siku kadhaa inarudi, nachomoa tena. Fundi wangu wa Gerezani amesema ni kawaida, gari inazoea hewa nyingi.

Spana 14
Haya, sasa ndiyo tumeanza uzi. Kipenyo cha ndani cha mdomo wa zamani uliobeba sensa ni kiasi gani, na cha PVC ni kiasi gani?

Kipepeo wa Goba
Nilipima kwa kalipa ya kuazima. Wa zamani 66 milimita, wangu 76.

Spana 14
Soma polepole mdogo wangu.

Sensa ile haioni hewa yote. Ina waya wa moto mdogo sana unaopozwa na hewa inayoupita, na kontrolboksi, yaani kompyuta ya injini, inajua kwamba "kwenye mdomo wa 66, waya ukipoa hivi, hewa iliyoingia ni gramu kadhaa kwa sekunde". Umeiweka kwenye 76. Zidisha 66 kwa 66 unapata 4356. Zidisha 76 kwa 76 unapata 5776. Gawanya: 0.75. Yaani hewa ileile inapita taratibu zaidi mbele ya waya, na kontrolboksi inaamini robo ya hewa haipo. Kwa hiyo inapunguza mafuta robo.

Injini hii ukiikanyaga yote inatakiwa ipate kama gramu 11 za hewa kwa gramu 1 ya petroli. Kwa hesabu yako inaelekea kwenye 14.6, turbo ikiwa imeshindilia. Mchanganyiko wa namna hiyo unawaka vibaya, unalipuka kabla ya wakati wake, na kinachoumia kwanza ni kingo nyembamba za pistoni zinazoshika ringi. Utaona gari inakula oili, halafu moshi, halafu silinda moja haina kompresheni.

Kontrolboksi siyo mjinga. Ukitembea kawaida inasoma sensa ya oksijeni, inaona mafuta hayatoshi, inajifunza kuongeza. Inaongeza hadi ifike mwisho wa ruhusa yake, kisha inawasha taa kukuomba msaada. Ukipima kwa kompyuta utakuta kodi ya kosa P0171, yaani mafuta hayatoshi. Wewe unachomoa betri, unafuta yote iliyojifunza, inarudi kwenye robo pungufu. Utamu unaousikia baada ya kuchomoa ni huo. Magari haya kiwandani yamepewa mafuta ya ziada kulinda injini, na ukiyapunguza kidogo kweli yanachangamka. Nguvu unayotaka kuipima ni ya mafuta kupungua. Hewa baridi haihusiki.

Mwanafunzi wa VETA
Spana 14 heshima yako kaka. Na mimi niulize, silikoni ile ya kuzibia haina shida?

Spana 14
Inategemea ni ipi. Zile za kawaida zinazonuka kama siki mvuke wake unaua sensa ya oksijeni. Zipo zilizoandikwa kabisa kuwa ni salama kwa sensa. Na filta ya koni ikipakwa oili kupita kiasi, oili inafika kwenye waya wa moto na kuukaanga. Bomba la PVC la maji nalo mwisho wake ni nyuzi 60. Simama foleni ya Ubungo na turbo imechemka, fungua boneti, libonyeze kwa kidole.

Msee wa Ngong Road
Hamjambo ndugu zangu wa Bongo. Mimi ni mtu wa Subaru tangu utotoni, baba yangu alinipeleka kutazama Safari Rally nikiwa mdogo. McRae alishinda Safari ya 1997 na Impreza, na Burns akashinda ya 2000 na Impreza. Magari ya Safari ya zamani hizo yalifungwa bomba la kupumulia linalopanda pembeni mwa kioo cha mbele, kwa ajili ya mito na vumbi. Wataalamu walipandisha pua juu, wewe unaishusha kwenye bampa!

Halafu hii ya bomba pana mnaikuza sana. Sheria ya mashindano iliwalazimisha kuvuta hewa yote kupitia tundu la milimita 34 kabla ya turbo. 34! Na bado walipata farasi 300. Nguvu ilitoka kwenye kupanga mafuta na moto.

Kipepeo wa Goba
Hao walikuwa na wahandisi, mimi nina Gerezani. Lakini jamani hewa nyingi ni hewa nyingi. Hata filta za kuuzwa za majuu ni pana, mbona watu wanafunga na gari zinatembea?

Nahodha wa Muscat
Zile nzuri zinaacha mdomo wa sensa kwenye kipenyo kilekile cha kiwandani, upana unaanza baada yake. Nyingine zinakuja na maelekezo kwamba lazima kontrolboksi ipangwe upya. Na tukumbushane, boksi la Impreza tayari linavuta hewa ya nje kwa mbele, na lina kisanduku ndani ya madigadi. Ulichoondoa kilikuwa njia ya hewa baridi.

Mpelelezi wa Buza
Wakuu, naona mnatoa elimu ya bure kwa hadithi ya kutunga. Rudini post ya kwanza. Anasema STI ya 2004, halafu anasema "gia zote tano". STI ya 2004 ina gia SITA. Mtu amekaa na gari, ameichana bampa, hajui idadi ya gia zake?

La pili, akaunti imefunguliwa wiki hii. La tatu, "kabla ya Jumamosi", Jumamosi kuna nini? Mimi naona ni mfanyabiashara anatafuta wateja kijanja. Kesho kutwa utaona "nauza njia za hewa, zimejadiliwa jamvini". Modereta funga uzi.

Mzee wa Foleni
Duh. Gia ya sita imekwenda chooni.

Mama Pacha Kibada
Kama ametunga basi ametunga kwenye barabara yangu, kelele nazisikia kweli.

Chuma cha Tabata
Nami nilianza kushangaa. Mtu unaulizwa sensa mara mbili unajibu habari za mvua.

Kipepeo wa Goba
Nitunge nipate nini? Akaunti ni mpya kwa sababu nilikuwa msomaji tu. Picha hizo hapo: mbele, kitako chenye nembo ya STI, dashibodi, na bomba langu. Gia ni tano na ndiyo STI, nimenunua yadi kwa bei ya STI, na nembo ipo. Mnataka nifanye nini kingine, niwaletee gari mlangoni?

Spana 14
Picha ya injini nimeikuza. Manifodi ya juu, ile inayogawa hewa kwenye silinda, ni rangi ya fedha. STI za Japani za umri huo manifodi yake ni nyekundu. Breki za mbele kwenye picha ya kwanza siyo Brembo. Toa herufi tatu za kwanza za chesisi, zilizobaki zifiche.

Kipepeo wa Goba
GDA.

Spana 14
GDA ni WRX ya kawaida. STI ni GDB. Gari yako ni nzuri, kiwandani imetoka na farasi 250, STI ilitangazwa 280. Nembo inauzwa popote. Mpelelezi, kijana hajatunga, aliuziwa nembo.

Mpelelezi wa Buza
Sawa, kwenye gari nimeshindwa. Kwenye Jumamosi sijashindwa. Bado hajajibu.

Dada Mhasibu
Mimi ya injini siyajui ila nasubiri hilo hilo la Jumamosi. Mtu anayepima gari yake mwenyewe hana tarehe ya mwisho.

Kipepeo wa Goba
Kuna watu wanne wameniona na hii gari wakaipenda. Nimewaahidi kuwatengenezea, wamenipa nusu ya pesa, na Jumamosi wanakuja kuchukua. Mmoja ana Forester ya turbo, mmoja Altezza, wengine Impreza. Wamesema wanataka kuona namba. Siyo utapeli, ni kazi ya mikono yangu, vijana mnatuambia tujiajiri halafu tukijiajiri mnatuita matapeli. Pesa yao nimeshanunulia mabomba na filta, siwezi kuirudisha hata nikitaka.

Mpelelezi wa Buza
Nimemaliza.

Dada Mhasibu
Hujaitwa tapeli na mimi. Lakini sasa umeshajua kitu ambacho wao hawajui. Kabla ya leo ulikuwa fundi aliyekosea hesabu. Ukiwafungia Jumamosi ukiwa umesoma maelezo ya Spana 14, injini ya mtu ikifa huna pa kusimama. Wapigie simu, waambie wiki mbili.

Mzee wa Foleni
Mimi nimetania toka mwanzo ila hapa niseme ukweli. Nina Forester. Mtu angenifungia hivyo nisingemwachia.

Kipepeo wa Goba
Mnaniona mbaya. Altezza haina turbo, haiwezi kufa. Na wale wa Impreza ni gari kama yangu, yangu haijafa.

Spana 14
Haijafa bado. Na Altezza nayo ina sensa ya hewa iliyopimwa na mdomo wake, ukibadili mdomo umebadili hesabu. Haitalipuka haraka, itakuwa nzito na mwenye gari atakurudia.

Kazi yako naiheshimu, kuunganisha kwako kwenye picha ni kusafi kuliko mafundi wengi. Rekebisha hivi. Sensa irudi kwenye mdomo wa kiwandani wa kila gari, vipande vya bomba vianze kabla na baada yake. Badala ya PVC tumia alumini, hapo Gerezani wapo wanaochomea alumini. Filta ipande juu ya usawa wa taa. Ukishafunga, usichomoe betri, tembea siku kadhaa kawaida, kisha uje tusome. Vile vifaa vya bluetooth vya bei rahisi vinagoma kwa Subaru nyingi za Japani za umri wako, tafuta waya wa KKL na laptopu, programu ya FreeSSM ni ya bure. Tutaangalia kontrolboksi inaongeza mafuta asilimia ngapi na kama inachelewesha moto wa plagi kwa sababu ya injini kugonga. Hizo ndizo namba za kuwaonyesha wateja.

Nahodha wa Muscat
Naongeza: kama baada ya hayo kipimo cha maji kinaonyesha bomba lako halizidi boksi la kiwandani, waambie wateja hivyo hivyo. Uza sauti kama sauti. Wapo wanaoitaka, na hawatakudai farasi.

Kipepeo wa Goba
Nimesoma yote. Alumini itakula faida yote, lakini sawa, sensa nitairudisha kwenye mdomo wake. PVC kwenye gari yangu inabaki kwanza, siyo lazima kila kitu kwa mara moja. Shida ni kwamba boksi la zamani nililiuza Ilala pamoja na mdomo wake, na jamaa kaniambia limeshaondoka. Wateja wawili nimewapigia. Mmoja kaelewa, mwingine anataka pesa yake. Wale wengine nitawapigia kesho.

Spana 14
Wapigie leo. Na hadi upate mdomo usiiamshe turbo, endesha chini ya mizunguko 3000.

Kaka wa Msamvu
Nilikuwa nasoma kimya. Nina boksi la filta la Impreza wagoni, GGA, iliyopata ajali kwa nyuma. Injini ileile ya GDA. Niko Morogoro.

Kipepeo wa Goba
Bei gani mkuu?

Spana 14
Bei baadaye. Kaka wa Msamvu, pima kipenyo cha ndani cha mdomo pale sensa inapoingia, usikisie.

Kaka wa Msamvu
Nimepima sasa hivi kwa kalipa ya dukani kwangu, 66 kamili. Hakuna ufa, skrubu mbili za sensa zipo. Nampa kondakta wa basi la kwanza la asubuhi. Kipepeo, nitumie inboksi jina la kupokelea na nauli ya mzigo, bei ya boksi tutaongea ukishalifunga.